Utangulizi: Mpekecha Miti Aliyeingia Ghalani

Anayefungua kitabu kuhusu mbawakawa wageni wapekechao miti huenda asitegemee kukutana kwanza na mahindi. Naanzia huko makusudi. Dumuzi, ambaye wakulima wa Tanzania walimbandika jina la skania, ni mdudu wa mitini. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, na huko porini huishi ndani ya matawi makavu. Tanzania aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1983 akaripotiwa Taveta, ng'ambo ya mpaka. Ana urefu wa milimita 3 hadi 4.5 na taya zilizoumbwa kwa ajili ya mbao, kwa hiyo hindi kavu kwake ni kazi nyepesi. Katika baadhi ya maghala ya Tabora, theluthi moja ya uzito wa mahindi iliishia kuwa unga ndani ya miezi michache tu.

Wakulima waliambiwa wapukuchue. Ushauri huo ulitokana na kumjua mdudu mwenyewe: punje zikiwa bado kwenye gunzi humpa mahali pa kujikita anapopekecha, zikilegea humponyoka. Dawa nayo ilibidi iwe mchanganyiko, kwa kuwa pirimifosi-methili huua fukusi lakini dumuzi huistahimili, ilhali permethrini humwangusha dumuzi na kumwacha fukusi akiponea chupuchupu. Ni ushauri mzuri, na bado unafaa. Kasoro yake ni kwamba ulimtazama mdudu akiwa kwenye kihenge tu.

Harufu ndiyo iliyotufumbua macho. Dume wa dumuzi akishapata chakula hutoa harufu inayowaita majike, na madume wenzake pia. Wataalamu waliitengeneza maabara, wakaitia kwenye mitego na kuitundika nyikani, mbali na mashamba. Dumuzi wakanaswa. Kumbe hakuwa ameacha miti hata kidogo, na hata tukisafisha kila ghala nchini bado angerudi kutoka porini. Mimi sioni tena maana ya kuzungumzia kumtokomeza.

Hata hivyo, mtego una mipaka ambayo wanafunzi wangu huisahau kila mwaka. Humnasa anayeruka, na dumuzi huruka zaidi anapobanana na wenzake au chakula kinapoharibika. Aliyeshiba kwenye kihenge hana haja ya kufuata harufu ya mwenzake. Mtego uliojaa hauelezi hali ya ghala lililo karibu nao, na ukiutundika mlangoni pa ghala utakuwa umewakaribisha wageni mwenyewe.

Harufu hiyohiyo humwongoza adui yake, *Teretrius nigrescens*, mbawakawa mwindaji kutoka huko kwao dumuzi. Aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Kwenye joto na unyevu wa Afrika Magharibi alifanya kazi kubwa; kwingineko matokeo yalipishana.

Usidhani, basi, kwamba mtego wa harufu ni jibu la kila mpekecha miti. Mwaka 2017, huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, alitambuliwa *Euwallacea fornicatus*, mbawakawa mdogo wa milimita 2 hivi. Jike wake huzaa na kaka yake humohumo ndani ya mti, akatoka akiwa tayari na mimba. Hana mchumba wa kumwita, na mmoja anatosha kuanzisha ukoo. Hubeba kuvu, huipanda kwenye kuta za handaki lake na kuila, na kuvu hiyo ndiyo inayoua mti. Dawa ya kupuliza haimfikii. Kinachobaki ni ukaguzi wa magome, kukata mti uliozidiwa, kuusaga vipande vidogo na kuvifunika kwa plastiki juani, na jambo gumu kuliko yote, kuwashawishi watu wasihamishe kuni. Nina hakika kuni zimesambaza wapekecha miti wengi kuliko mbawa zao.

Sura zinazofuata hazidai ujuzi wa kemia. Mwanafunzi wa kilimo aanze na sura ya mitego. Ofisa misitu au mtunza bustani wa mji aende moja kwa moja kwenye sura ya magome. Wote wawili wawe na kisu kikali na kioo cha kukuzia, kwa sababu zoezi la kwanza ni kupasua tawi kavu la mti wowote ulio karibu na kuchora njia za waliomo.