Dawa za Kuzuia Homoni: Baba, Usiache Sindano Kimya Kimya

Leo tunazungumza na akina baba wanaotibiwa saratani ya tezi kibofu. Akina mama, nanyi msiondoke.

Mwaka wa 1941, daktari Charles Huggins wa Chicago, Marekani, alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni. Ndiyo maana daktari hukupa sindano kama goserelin kila mwezi au kila miezi mitatu, ili korodani ziache kutengeneza homoni hiyo. Wengine hupewa vidonge vya bicalutamide.

Je, utahisi nini? Joto la ghafla litakupanda usoni na kifuani, utoke jasho hata usiku wa baridi. Hamu ya tendo la ndoa hupungua na nguvu za kiume hulegea. Matiti huweza kuvimba na kuuma. Utachoka upesi, kitambi kitaongezeka, misuli itapungua, na huenda ukawa na huzuni. Hujarogwa, wala hujageuka mwanamke. Ni dawa inafanya kazi.

Kuna mengine yasiyoonekana. Mifupa hudhoofika na kuvunjika kwa urahisi. Sukari na mafuta katika damu huweza kupanda, na moyo ukaathirika. Kwa hivyo omba kupimwa sukari, presha na mifupa. Tembea kila siku, kula omena, maziwa na sukuma wiki, na uache sigara na pombe.

Jihadhari! Sindano ya kwanza huweza kupandisha homoni kwa muda kabla ya kuishusha. Miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukiziba, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Kuna baba ambaye huona aibu, akaacha kwenda kudungwa bila kumwambia yeyote. Homoni hurudi, na saratani nayo hupata chakula chake tena. Usifanye hivyo. Mweleze daktari kila kitu. Anaweza kubadilisha dawa au kukutibu madhara hayo. Mweleze mkeo pia, asije akadhani umempata mwingine.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.