Deni na Jiwe la Kusagia

Katika pande za Iringa na Mbeya mahindi hupandwa mvua za kwanza zinyeshapo, mwezi wa Novemba au Desemba. Kabla ya mavuno ghala hupungua, na wakati huo huo fedha za mbolea na dawa hutakiwa. Hapo ndipo wengi humwendea mkopeshaji.

Kukopa si dhambi. Torati iliwaagiza Waisraeli wamkopeshe ndugu maskini, wala wasimtoze riba, yaani nyongeza juu ya fedha iliyokopwa. Dhambi huingia akopaye asipokusudia kulipa, au akopeshaye anapojitajirisha kwa shida ya jirani.

Huko Kyela, mkoani Mbeya, wako wakulima waliouza mpunga ungali shambani, kwa bei ndogo, ili kuondoa shida ya siku moja. Mavuno yalipofika, jasho lilikuwa lao, lakini magunia yalikuwa ya mwingine. Iko pia mikopo ambayo watu huiita kausha damu. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi. Akilipa riba tu, baada ya miezi 5 atakuwa ametoa shilingi 100,000, na deni la kwanza liko vile vile. Ndiyo maana wazee husema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2018 humtaka mkopeshaji awe na leseni. Lakini zamani sana Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, lilikataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa nyumba isiyo na jiwe haipati unga. Basi jembe la mkulima na cherehani ya mshonaji ni mawe yao ya kusagia. Mkopeshaji Mkristo hayagusi.

Mkopaji naye ana wajibu wake. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mdai alikuja kuwachukua wana wawili wa mjane. Mungu alipomzidishia mafuta, Elisha alimwagiza ayauze, alipe deni kwanza, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki.

Vijijini watu wengi huunda vikundi vya kuweka na kukopa. Kila mmoja huweka akiba kidogo kidogo, na riba hurudi katika mfuko wa wote. Hata huko, mwenye busara hujiuliza kabla ya kupokea fedha: Ni ya kazi gani? Italipwa kwa nini? Italipwa lini? Asipopata jibu, huiacha.