Kutoka Olkaria hadi Iceland: masomo ambayo hayanunuliwi

Jirani yangu wa Kisauni aliuza kiwanja mwaka jana ili mwanawe, mwenye digrii ya uhandisi, akasome shahada ya pili ng'ambo. Pesa alipewa wakala. Simu ya wakala haishiki tena.

Kisa hicho nilikwenda nacho Nakuru, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Mwanawe ni mhandisi wa visima vya mvuke Olkaria, kule Naivasha, na amesoma Iceland. Nikamuuliza alilipa kiasi gani.

"Mjomba, sikutoa hata shilingi."

Basi nieleze nilivyofahamishwa, maana sisi watu wa pwani tukisikia kusoma nje fikira zetu huenda Uturuki, Malaysia au India.

Olkaria umeme hutokana na joto la ardhini. Huchimbwa kisima, vingi hufika mita 3,000 hivi, mvuke ukipanda hutengwa na maji ukapelekwa kuzungusha mtambo. Mtambo wa kwanza ulianza mwaka 1981, megawati 15 tu. Nani Kenya wakati huo alijua kazi hiyo? Iceland walikuwa wakiijua, na tangu 1979 walikuwa na mafunzo ya wataalamu kutoka nchi zinazoendelea, chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Tangu 2020 yako chini ya UNESCO, kwa jina la GRÓ. Hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi huko kuliko Kenya.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo vijana wetu wanapopotea. Huombi mwenyewe, wala hakuna wakala. Unapendekezwa na mwajiri wako. Uwe na digrii ya sayansi au uhandisi, uwe umeshafanya kazi ya jotoardhi angalau mwaka mmojo, ajira iwe ya kudumu katika taasisi ya umma, Kiingereza kikupande, na umri kwa kawaida usizidi miaka 40. (Mimi wa diploma na arubaini na kitu nilicheka, nikaomba chai.) Walimu wa Iceland huja wenyewe kuwahoji wanaopendekezwa. Ukichaguliwa, nauli, masomo na posho ni juu yao.

Mafunzo ni miezi sita. Kwanza mihadhara, kisha kila mmoja na fani yake: jiolojia ya visima, kemia ya mvuke, uchimbaji, mazingira na nyinginezo. Mwisho unaandika ripoti, mara nyingi kwa takwimu za visima vya nchini kwako. Mpwa wangu alikwenda na namba za Olkaria, akarudi na majibu yake. Wachache hurudi tena kwa shahada ya uzamili, na ile miezi sita huhesabiwa kuwa sehemu ya shahada hiyo.

Shida je? Aliniambia baridi si kitu, unavaa. Kilichomtesa ni jua. Alikwenda 2017, Ramadhani ikaanza mwisho wa Mei. Reykjavik mwezi Juni jua huzama karibu na saa sita za usiku, na saa tisa limeshachomoza. Utafuturu saa ngapi, daku saa ngapi? Kuna wanazuoni walioruhusu kufuata saa za Makka au za mji wa karibu wenye usiku wa kawaida, na wengine wakashikilia jua la pale pale. Yeye alifunga kwa jua la pale wiki ya kwanza, akazidiwa, akashika fatwa ya Makka. Mamake hakupendezwa mpaka leo.

Kwa hiyo mlango wa Iceland uko Naivasha, na mwingine Menengai, juu ya mji wa Nakuru, inakochimba GDC iliyoanzishwa 2008. Kijana aanze kwa kutafuta nafasi ya mafunzo kazini au ajira huko, akubali kuishi mbali na bahari na kuamka na baridi ya Bonde la Ufa. Siku niliyozunguka na mpwa wangu pale Olkaria sikusikia lafudhi ya kwetu hata moja.

Niliporudi Kisauni nilimweleza yule kijana yote haya. Akaandika, akauliza maombi ya kazi hutangazwa wapi. Nikamwambia afuatilie tovuti za KenGen na GDC, na magazeti. Mamake alikuwa kimya muda wote, kisha akaniuliza kiwanja chake kitarudi vipi.

Sikuwa na la kumjibu.