Uteuzi wa warushaji wa kasi katika kriketi

Uteuzi wa warushaji wa kasi ni kazi ya kuchagua wachezaji watakaorusha mpira kwa mwendo mkali katika timu ya kriketi, hasa timu ya taifa. Kazi hiyo ni ngumu zaidi katika mechi za Testi, ambazo ni aina ndefu kuliko zote za mchezo huo na huchezwa hadi siku tano. Kamati ya uteuzi haitafuti watu wenye kasi tu. Hutafuta kundi la warushaji watatu au wanne wanaokamilishana, wanaoufaa uwanja husika, na wenye miili inayoweza kuhimili kazi ya siku kadhaa mfululizo.

Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyowahi kupewa hadhi ya kucheza Testi. Hata hivyo, historia ya kriketi ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala inaonyesha jinsi uteuzi unavyoanza mapema, kabla kamati haijakutana. Huanzia kwenye pichi za nchi, kwenye vilabu na shule zinazowapa vijana mpira, na kwenye urefu wa mechi wanazocheza.

## Kazi ya mrushaji wa kasi

Katika kriketi mpira hurushwa kwa mkono ulionyooka kutoka upande mmoja wa pichi, yaani ukanda mgumu wa katikati ya uwanja wenye urefu wa mita 20.12. Hulenga wiketi, ambayo ni vijiti vitatu vilivyosimikwa upande wa pili, na mpigaji huilinda kwa gongo lake. Mpira una gamba la ngozi, mshono uliotokeza unaouzunguka katikati, na uzito wa takriban gramu 156 hadi 163. Mirusho sita hufanya ova moja, kisha mrushaji mwingine huanza kutoka upande wa pili.

Mrushaji wa kasi hukimbia hatua nyingi ili kupata nguvu, huruka kidogo, hutua kwa mguu wa mbele na kuuachia mpira juu ya kichwa. Mpira wake kwa kawaida huenda kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa. Kasi kubwa kuliko zote iliyopimwa katika mechi ya kimataifa ni kilomita 161.3 kwa saa, ya Shoaib Akhtar wa Pakistan katika Kombe la Dunia la mwaka 2003. Kwa kasi ya kilomita 140 mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua afanye nini.

Kasi si silaha pekee. Warushaji hutofautiana kwa mambo haya:

* Kupinda hewani: mpira mpya ambao upande wake mmoja unang'aa hupinda ukiwa angani kabla ya kudunda.
* Kubadili njia kwenye mshono: mpira ukidunda juu ya mshono wake huweza kwenda kulia au kushoto bila kutabirika.
* Mdundo: mrushaji mrefu huachia mpira kutoka juu, nao huinuka hadi kifuani kwa mpigaji au zaidi.
* Kupinda kinyume: mpira uliochakaa, ukirushwa kwa kasi kubwa, hupinda kuelekea upande usiotarajiwa.
* Mkono: mrushaji wa mkono wa kushoto huleta mpira kwa pembe tofauti na ile ambayo wapigaji wameizoea.

## Mahitaji ya Testi

Kila timu katika Testi hupewa zamu mbili za kupiga. Ili kushinda, kwa kawaida timu inapaswa kuwatoa wapigaji 20 wa wapinzani, yaani 10 katika kila zamu. Siku moja imepangiwa ova 90, na nahodha anaweza kuomba mpira mpya baada ya ova 80. Hakuna kikomo cha ova kwa mrushaji mmoja.

Hapo ndipo tofauti na mechi fupi inapoonekana. Katika mchezo wa ova 20, mrushaji anaruhusiwa ova 4 tu, sawa na mirusho 24. Katika mchezo wa ova 50 anaruhusiwa ova 10. Katika Testi mrushaji wa kasi huweza kurusha ova 20 kwa siku moja, yaani mirusho 120, na kuitwa tena kesho yake asubuhi. Mchezaji anayeng'ara katika mirusho 24 si lazima afae kwa mirusho 120.

Kwa sababu hiyo kamati nyingi huchagua warushaji wa kasi watatu na mmoja wa mzunguko, yaani anayerusha polepole huku akiuzungusha mpira kwa vidole au kifundo cha mkono. Wawili kati ya wale wa kasi huanza na mpira mpya. Wa tatu hubana mikimbio mpira unapochakaa na wenzake wanapopumzika. Pichi ikiwa kavu na yenye nyufa, warushaji wa mzunguko huongezwa. Ikiwa na nyasi za kijani, nafasi hupewa mrushaji wa kasi wa nne.

Afya nayo ni sehemu ya uteuzi. Mguu wa mbele unapotua hupokea nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa, huku mgongo ukijipinda. Mifupa ya kiuno cha vijana ambao hawajakomaa huweza kupata nyufa, hasa idadi ya mirusho inapoongezwa ghafla. Ndiyo maana mashirikisho mengi huweka kikomo cha ova kwa watoto na vijana, na makocha huhesabu mirusho ya kila wiki mazoezini.

## Mifano miwili ya dunia

Mwezi Aprili 1976 mjini Port of Spain, timu ya West Indies chini ya nahodha Clive Lloyd ilitumia warushaji watatu wa mzunguko. India iliwekewa lengo la mikimbio 403, ikalifikia kwa kupoteza wapigaji wanne tu. Baada ya hapo Lloyd alijenga timu yake juu ya warushaji wanne wa kasi. Majina kama Andy Roberts, Michael Holding, Joel Garner, Colin Croft na Malcolm Marshall yalitokana na sera hiyo, na West Indies haikupoteza mfululizo wowote wa Testi kuanzia mwaka 1980 hadi 1995.

India ilikuwa kinyume chake. Katika miaka ya 1960 na 1970 ilitegemea warushaji bora wa mzunguko, na mpira mpya mara nyingi ulikabidhiwa wachezaji ambao hawakuwa warushaji wa kasi hasa. Kapil Dev, aliyeanza Testi mwaka 1978 na kutoa wapigaji 434, alionyesha kwamba hata nchi yenye pichi kavu huweza kutoa mrushaji wa kasi wa kiwango cha juu. Mwaka 1987 kituo maalumu cha kufundisha warushaji wa kasi kilianzishwa mjini Chennai, kikiongozwa na Dennis Lillee wa Australia. India haikungoja kipaji kingine kijitokeze chenyewe.

## Dar es Salaam: kutoka Posta hadi Kariakoo

Kriketi iliingia Tanganyika kupitia Waingereza na wahamiaji kutoka Bara Hindi. Katika Dar es Salaam ya kikoloni watu walitengwa kwa maeneo. Uzunguni ilikuwa mashariki, kando ya bahari. Uhindini ilikuwa katikati, kwenye mitaa iliyo jirani na Posta ya leo. Uswahilini ilianzia Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa ukanda wa wazi wa Mnazi Mmoja.

Mchezo ulifuata ramani hiyo. Uwanja wa Gymkhana uko mwendo mfupi kutoka Posta, na vilabu vya jumuiya za Kihindi vilikuwa na makao katikati ya mji na Upanga. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja, Kariakoo na Jangwani zikawa makao ya soka. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote zikiwa na mizizi katika mitaa hiyo. Kijana wa Kariakoo mwenye mbio na mabega mapana alikuwa na mpira wa miguu mlangoni kwake. Kriketi ilichezwa umbali wa kilomita chache tu, lakini ndani ya uzio wa klabu ambayo hakuwa mwanachama. Hivyo kundi ambalo warushaji wa kasi wangetafutwa lilikuwa dogo tangu mwanzo.

Lilipungua tena baada ya uhuru. Utaifishaji wa majengo nchini Tanzania mwaka 1971 uliwafanya Waasia wengi kuhama, na mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda. Pamoja nao waliondoka wachezaji, makocha na wafadhili wa vilabu.

Suala la pichi lilikuwa na uzito wake pia. Viwanja vingi vya kanda hii havikuwa na pichi ya nyasi, bali vilitandikwa mkeka wa usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Juu ya mkeka mpira hudunda juu na kwa namna inayotabirika, na hushika vizuri ukizungushwa. Mrushaji aliyekulia hapo hujifunza kuukata mpira kwa vidole, lakini hapati nafasi ya kutosha ya kujifunza kutumia mshono kwenye nyasi.

## Timu ya Afrika Mashariki, 1975

Kombe la kwanza la Dunia lilichezwa Uingereza mwezi Juni 1975, kwa ova 60 kila timu. Timu ya Afrika Mashariki iliunganisha wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah wa Kenya. Tanzania iliwakilishwa na mlinda wiketi Praful Mehta na mpigaji Shiraz Sumar. Hakukuwa na mrushaji wa kasi kutoka Dar es Salaam.

Mmoja wa waliokabidhiwa kazi hiyo alikuwa John Nagenda wa Uganda, aliyekuwa na umri wa miaka 37. Alicheza mechi moja, dhidi ya New Zealand, akamtoa mpigaji mmoja kwa mikimbio 50. Siku hiyo Glenn Turner alipiga mikimbio 171 bila kutolewa. Dhidi ya Uingereza, mrushaji wa kasi John Snow aliwatoa wapigaji wanne kwa mikimbio 11 katika ova 12, na Afrika Mashariki ikamaliza na mikimbio 94. Timu ilishindwa mechi zake zote tatu.

Katika kikosi hicho alikuwamo pia Don Pringle wa Kenya. Mwanawe Derek, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1958, alikuja kuwa mrushaji katika mechi 30 za Testi, lakini kwa timu ya Uingereza, alikosomea na kukuzia mchezo wake.

## Kenya na Tanzania baadaye

Kenya, iliyojitenga na timu ya pamoja mwaka 1981, ndiyo iliyofika mbali zaidi. Tarehe 29 Februari 1996 mjini Pune iliishinda West Indies, na mrushaji wa kasi Rajab Ali aliwatoa wapigaji watatu kwa mikimbio 17, akiwemo Brian Lara. Mwaka 2003 ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia ikiwa na Martin Suji na Thomas Odoyo. Hata hivyo haikupata hadhi ya Testi, na mwaka 2014 ilipoteza hata ile ya mechi za ova 50.

Tanzania ilikuwa mwanachama mshiriki wa Baraza la Kimataifa la Kriketi mwaka 2001. Mwezi Oktoba 2008 Dar es Salaam iliandaa Ligi ya Dunia, Daraja la Nne, na Afghanistan ikatwaa ubingwa kwa kuishinda Hong Kong. Miaka tisa baadaye Afghanistan ilipewa hadhi ya Testi. Katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya India mjini Bengaluru mwezi Juni 2018, ilichagua warushaji watatu wa mzunguko na wawili wa kasi. Mpigaji wa kwanza kutolewa na Afghanistan katika Testi alitolewa na mmoja wa hao wawili, Yamin Ahmadzai. Hata hivyo India ilishinda ndani ya siku mbili.

Tangu mwaka 2019 mechi za ova 20 kati ya nchi wanachama zinahesabiwa kuwa za kimataifa kamili, na hizo ndizo Tanzania inazocheza zaidi. Mwaka 2025 timu ya vijana chini ya miaka 19 ilifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Mrushaji wa kasi wa Kitanzania kwa hiyo huteuliwa kwa mirusho 24: kuanza vizuri na mpira mpya, au kuwazuia wapigaji katika ova za mwisho. Uwezo wa kurusha siku nzima hupimwa katika mechi za siku mbili au zaidi kwenye pichi za nyasi. Bila mechi za namna hiyo, kamati haina mahali pa kuuona uwezo huo, hata kama kijana mwenye nao yupo.