Uvujaji au Nafasi Isiyorudishwa? Istilahi Moja ya Kompyuta kati ya Mbarara na Nakivale

Makala hii inaeleza namna kompaila inavyobaini kile ambacho wataalamu wa lugha ya C hukiita uvujaji wa kumbukumbu, na inashikilia kwamba istilahi hiyo haifai. Katika Kiswahili, siri huvuja na mtihani huvuja. Kumbukumbu nazo ni rekodi. Mkimbizi wa Nakivale, wilayani Isingiro, akisikia kwamba programu yenye taarifa za usajili wake "inavujisha kumbukumbu", ataelewa kuwa taarifa hizo zimeangukia mikononi mwa wasiohusika. Kwa mtu aliyekimbia vita, hilo si jambo dogo.

Tatizo lenyewe ni jingine kabisa. Katika C, programu huomba nafasi ya kumbukumbu kwa malloc na kuirudisha kwa free. Tuseme imeomba nafasi, kisha faili likakataa kufunguka, nayo ikaiacha kazi ile bila kuita free. Anwani ya nafasi ile hupotea. Hakuna kilichotoka nje: nafasi imebaki imeshikwa, kama jerikeni lililoazimwa na mtu asiyekumbuka alikoliweka. Programu inayoendeshwa siku nyingi mfululizo huzidi kulimbikiza nafasi za namna hiyo, na mwishowe hukwama.

Kompaila ya GCC, tangu toleo la 10 la mwaka 2020, ina chaguo la -fanalyzer. Huchunguza matini ya programu bila kuiendesha, ikifuata kila tawi kadiri iwezavyo, na kuonyesha hatua kwa hatua mahali nafasi ilipoombwa na mahali ilipopotea. Wakati mwingine huonya pasipo kosa. Chaguo la -fsanitize=leak hungoja programu iendeshwe, kisha huorodhesha nafasi ambazo hakuna kielekezi kinachozifikia; lakini tawi ambalo jaribio halikulipitia halitaonekana. Kwa hiyo moja halitoshi badala ya jingine.

Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022, na huko Nakivale Wakongo wengi walikuwa wakikitumia tayari. Istilahi "nafasi isiyorudishwa" ni ndefu kidogo, na hailingani na Kiingereza neno kwa neno. Hasara hiyo inavumilika. "Uvujaji" ubaki kwa taarifa zilizotoka kweli, ili ripoti ya mhandisi wa Mbarara isizue hofu isiyo na sababu inaposomwa kambini.