Mutoto yako eko ku mitihani: anaishi namna gani kule Kasapa?

Wazazi wa Kolwezi, wa Likasi na wa Kipushi, simu ya mutoto ikifungwa siku mbili, musiseme mbio kama amepotea mu mambo ya mji. Ni wakati ya sesio.

Ku Université de Lubumbashi, kitu ya kwanza yenye kukosesha mwanafunzi usingizi haiko hesabu. Ni « enrôlement », kuandikishwa ku liste ya wenye ruhusa ya kuingia mu mitihani. Mwenye hajamaliza feza za masomo, jina yake haionekane. Tarehe ya mwisho inaweza kuanguka pa 20 ya mwezi, na mushahara ya baba inatoka pa 30. Zile siku kumi mutoto anazunguka kwa marafiki, kwa wajomba, kwa watu wa kanisa, na daftari inabaki imefungwa.

Zamani Gécamines ilikuwa na masomo yake, hospitali yake, na posho ya unga kwa jamaa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka mu mpango ya « départs volontaires », na jamaa nyingi zikaanza kulipa kila kitu na mukono yao. Leo mwenye kutumika kwa sous-traitant, na mkataba ya miezi kidogo tu, anatuma feza kipande kipande. Haiko ubaya wake. Lakini ile liste haingojee kipande.

Sasa tuangalie siku yenyewe. Wale wa Polytechnique, watoto wengi wa shaba wanaenda kule, wanasoma usiku. Mu chumba ya home kuko kelele: wenye vitanda, na wale wanaoitwa « maquisards », wenye kulala kwa rafiki bila jina yao kuandikwa. Njo maana wanachukua kiti yao mu auditoire, wanavaa koti mbili juu mwezi wa sita na wa saba baridi ya Lubumbashi haina muchezo, na wanabloke mpaka asubui. SNEL ikikata courant, iko torshi ya simu. Simu ikiisha, wanaanza kurudilia masomo kwa mudomo, mumoja anauliza, mwengine anajibu. Baba ku poste ya usiku, mutoto mu auditoire: saa tisa ya usiku wote wawili beko macho.

Kukula? Bukari mara moja kwa siku, na sombe ao samaki ya kukauka. Asubui beignets, kama feza ya taxi-bus imebakisha kitu.

Mwenye kulala kwa mujomba ku Ruashi ao Katuba eko na magumu ingine, na mimi naona hii njo nzito zaidi. Hakuna mwenye kumufukuza, hapana. Lakini saa kumi na moja anateka maji, anafagia kiwanja, anapeleka watoto ku masomo, kisha anapanda magari mbili mpaka Kasapa. Wajomba, kwa hii mwezi moja, mupatie mwengine ile bidon.

Na kuko ulizo moja ya kuacha: « Umepata ngapi? » Mwanafunzi akitoka mu chumba ya mtihani hajue. Pointi zinahesabiwa juu ya 20, waalimu wanakutana mu « délibération », kisha njo proclamation. Na mwenye kukosa mu kozi moja ao mbili hajapoteza mwaka yake mara moja: iko sesio ya pili. Mumuulize kama amekula.

Siku ya proclamation, wenye kupita wanamwangiwa poudre ku kichwa mpaka wanakuwa weupe. Mama wengine wanainunua mapema na kuificha chini ya kitanda. Ile boîte haioze. Inaweza kungoja sesio ya pili.