Kabla ya Kununua Kadi ya Grafiki, Soma Lebo Mbili

Mtu wa Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo, anayehariri video za harusi, au anayechora ramani za nyumba, hufika mahali ambapo kompyuta humchelewesha. Dawa ni kadi ya grafiki, na dukani huulizwa: pawasaplai yako ina wati ngapi? Swali ni zuri, lakini jibu lake peke yake linapotosha. Umeme hupita mikono kadhaa kabla ya kuifikia kadi, na kila mkono una kikomo chake. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachoamua.

Tuanze ndani ya kompyuta. Pawasaplai hugawa umeme katika volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kadi ya grafiki na prosesa hula karibu chakula chao chote kwenye volti 12. Kwa hiyo fungua kifuniko, tafuta lebo, soma ampea zilizoandikwa chini ya volti 12, kisha zidisha kwa 12. Pawasaplai ya bei rahisi inaweza kutangaza wati 500 kwa herufi kubwa huku lebo ikionyesha ampea 25 tu: hizo ni wati 300. Lebo ikiwa na safu mbili za volti 12, usijumlishe ampea zake. Tafuta jumla ya wati iliyoandikwa kwa safu zote mbili, kwani mara nyingi ni ndogo kuliko hesabu ya kujumlisha.

Chukua mashine ya mtumba inayojulikana sana, Dell OptiPlex 9020 ya umbo la mnara. Pawasaplai yake ni ya wati 290. Prosesa ya Core i5-4590 imekadiriwa wati 84. Ubao mama, kumbukumbu, diski na feni tuzipe 50. Ukiongeza kadi ya GTX 1650 ya wati 75, unafika 209, na nafasi inabaki. Ukiweka kadi ya RTX 3060 ya wati 170, unafika 304: umeshapita kikomo hata kabla ya kuwasha. Tena kadi za kizazi hicho huruka juu sana ya wastani wao kwa sehemu ndogo ya sekunde, na pawasaplai dhaifu hujizima papo hapo. Ndiyo maana kampuni ya NVIDIA hushauri pawasaplai ya wati 550 kwa RTX 3060. Akiba ya thelathini kwa mia si anasa.

Halafu kuna waya. Tundu la ubao mama linatoa wati 75 tu. Plagi ya pini sita huongeza 75, ya pini nane 150. Ndiyo maana GTX 1650 nyingi hazihitaji waya wa ziada, wakati RTX 3060 nyingi zinadai pini nane ambazo OptiPlex hiyo haina. Hapo fundi hushawishika kutumia waya wa kugeuza plagi ya diski ya SATA kuwa ya pini nane. Usikubali. Upande wa volti 12 wa plagi ya SATA umekadiriwa ampea 4.5, yaani wati 54. Ukiulazimisha kubeba 150, plastiki huyeyuka na moto unaweza kuwaka. Kubadilisha pawasaplai nzima nako kunataka uangalifu, kwani plagi kuu ya mashine hiyo si ile ya kawaida ya pini 24. Utahitaji waya wake maalumu. Na mashine iliyotoka nchi ya volti 110 ikiwa na swichi nyekundu nyuma, ihamishie 230 kabla ya kuichomeka.

Sasa toka nje ya kompyuta, kwenye lebo ya pili: ile ya jenereta, inveta au UPS. Hata ukiwa umebadilisha pawasaplai, wati 304 za ndani si wati 304 za ukutani. Pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta kama 358, na skrini ikiongeza 30, jumla ni karibu 390. UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba wati kati ya 360 na 390. VA si wati, na tofauti hiyo ndiyo inayoizima katikati ya kazi. Inveta nayo iwe ya wimbi safi, maana baadhi ya pawasaplai za kisasa hulalamika au hujizima zikilishwa wimbi la ngazi.

Jenereta, au gurupu, ina mtego ambao mnunuzi wa Mombasa haufahamu. Injini ya petroli ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Butembo iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jenereta ya wati 1,000 hubaki na kama 800. Kompyuta yetu ya wati 390 itafanya kazi. Washa kando yake printa ya leza inayovuta 500 ikipasha moto, jumla inafika 890, na jenereta inazidiwa. Pwani ingevumilia. Beni, iliyo chini zaidi, hupoteza kidogo, lakini hupoteza.

Umeme wa maji, kama ule wa Mutwanga uliozinduliwa na Hifadhi ya Virunga mwaka 2013, unapofika nyumbani hupunguza uzito wa lebo hii ya pili. Lebo ya kwanza haiguswi.

Kwa hiyo anza na chanzo ulicho nacho, shuka hadi kwenye volti 12, kisha chagua kadi inayoingia humo. Kwa mwenye OptiPlex, GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada mara nyingi itamfaa kuliko kadi kubwa itakayomlazimisha kununua pawasaplai, waya na jenereta nyingine. Akiwa na haja ya kweli ya kadi kubwa, bei ya vitu hivyo vyote ndiyo bei ya kadi hiyo.